Kupanda Vuchunge Bila Kushuka

Desemba ikiingia, Same haikaliki. Mji ambao miezi kumi na mmoja unajilia upepo wake na vumbi lake kwa amani unaanza kupokea magari kutoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, yamefungwa mabegi hadi juu ya paa. Wapare wa mjini wanarudi nyumbani. Wanakuja na watoto wasiojua hata salamu moja ya Kipare, na magunia ya mchele kana kwamba Maore hakulimwi mpunga, na kwa wiki tatu huwezi kukatiza stendi bila kukumbatiwa na mtu mliyesoma naye darasa la nne ambaye jina lake limekutoka kabisa.

Katika heka heka hiyo ndipo Mwalimu Sifael Mgonja huteremsha baiskeli yake kutoka kwenye msumari wa ukuta wa sebuleni, mahali ambapo mkewe Blandina amemwambia mara mia kwamba ni pa picha ya harusi. Ni baiskeli ya mbio, ya mtumba, aliyoifuata mwenyewe Arusha. Shule zimefungwa, madaftari ya hesabu ya darasa la saba yamepumzika, na mwalimu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miguu myembamba na kitambi cha kiasi, anakuwa mwanamichezo hadi Januari.

Mwenzake wa mazoezi ni Jabiri, muuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi, mtu wa Kisiwani. Jabiri ana kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli ambayo mama yake aliiona mara moja tu akataka kuzimia. Tangu siku hiyo, wakielekea Kisiwani, Jabiri husimama kabla ya nyumba za kwanza, hujifunga kikoi juu ya kaptura, hupita kijijini taratibu kama mtu anayekwenda kununua sukari, kisha hukivua mbele ya safari na kuendelea na mbio zake. Sifael huwa anamsubiri huku akicheka peke yake.

Hawana klabu wala kocha. Wana ratiba aliyoichora Sifael kwa rula, kama afanyavyo kila kitu. Jumatatu na Alhamisi ni Lembeni na kurudi kwa barabara kuu, wakitoka alfajiri kabla mabasi ya sikukuu hayajaanza wazimu wao. Upepo wa njia ile hauna adabu, unakupinga ukienda, na ukigeuza baiskeli ukitegemea usukumwe, unakuta nao umegeuka. Jumatano ni Kisiwani. Jumamosi ni Maore, safari ndefu, milima ikiwa upande wa kulia na upande wa kushoto nyika ambako asubuhi nyingine hukuta kinyesi cha tembo katikati ya barabara, bado cha moto, na hapo hata mwenye mguu mbovu huongeza mwendo. Maore hunywa chai na mihogo, hunyoosha migongo, hurudi. Chupani mwa Sifael hamna vinywaji vya dukani. Mna maji, sukari na tangawizi iliyopondwa, kama mama yake alivyokuwa akimtilia baba yake.

Na yote hayo, niseme mapema, hayakuwa kwa ajili ya afya. Yalikuwa kwa ajili ya baba yake.

Mzee Elinihaki Mgonja alikuwa mfanyakazi wa stesheni ya Same, enzi zile stesheni ina watu na treni ina abiria. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa. Mkewe na watoto waliishi juu mlimani, Vuchunge, kwenye mahindi na migomba, na yeye alipanga chumba mjini. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, alipanda baiskeli yake nyeusi aina ya Phoenix, nyuma kwenye keria amefunga chumvi, sabuni na dumu la mafuta ya taa, akaenda nyumbani. Sifael na dada yake Justa walikuwa wakimsubiri juu ya jiwe mwisho wa ua. Kutoka pale barabara inaonekana kipande kimoja tu, kile cha kutoka Kona ya Mzambarau hadi nyumbani. Kwanza walisikia kengele. Halafu baba akatokea konani, juu ya baiskeli, kofia imekaa sawa, shati kavu, anakanyaga pedali polepole kama mfalme. Kwa miaka yote ya utoto wake Sifael hakumwona baba yake hata mara moja akiisukuma ile baiskeli.

Shuleni alijigamba. Baba yangu anapanda mlima wote wa Vuchunge bila kushuka. Aliyebisha alipigwa, na siku aliyobisha Anold, ambaye alikuwa na mikono mizito, aliyepigwa alikuwa Sifael, akapoteza jino la mbele. Jumamosi ile baba alimshika kidevu, akalitazama pengo, akauliza limetokana na nini. Alipoambiwa alikiachia kile kidevu. Alikwenda kuifuta baiskeli yake mpaka jua likazama.

Jabiri alipohadithiwa habari hii mara ya kwanza alikuna kichwa.

"Mwalimu, ile Phoenix ilikuwa na gia?"

"Haikuwa nayo."

"Na dumu la mafuta nyuma?"

"Dumu, na chumvi, na sabuni."

"Mlima ule ule ninaoujua mimi? Ule ambao gari za Noah zinapanda zinalia? Mwalimu, hesabu hiyo imegoma."

Sifael alinuna siku mbili. Mtu amefundisha hesabu miaka ishirini na saba, amewachapa watoto wa watu kwa kusahau kurudisha moja, na hesabu hiyo moja hakutaka kuigusa. Baba alikuwa mwanamume wa kweli, basi, biashara imeisha. Desemba tatu mfululizo alijaribu kupanda kama baba, na Desemba tatu mguu wake uligusa chini kabla ya Kona ya Mzambarau. Kila mara alijiambia kwamba mwakani upo.

Mwaka huu mwakani hakukuwepo. Mama yake, ambaye mlima mzima unamwita Mama Justa, ametimiza miaka themanini na mitatu. Mwezi wa nane alianguka akitoka kuteka maji, akaumia mguu, akalala kwenye majani hadi jirani alipopita. Watoto walikaa kikao, wakakubaliana: sikukuu zikiisha, Justa atamchukua aende naye Morogoro. Nyumba ya Vuchunge itafungwa kufuli. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa Krismasi ya mwisho ya mama yake kusimama kwenye ua ule na kutazama barabara ile, na Sifael alitaka jambo moja tu, kwamba mama amwone mwanawe anatokea konani juu ya baiskeli, baada ya mlima mzima bila kushuka, kama alivyokuwa akitokea yule mwingine. Alilitaka mpaka likawa linamnyima usingizi. Asingeweza kumwambia mtu mzima mwenzake bila kuona haya, ndiyo maana aliyejua yote ni Blandina na Jabiri peke yao.

Akachagua tarehe ishirini na tatu. Blandina alitangulia siku moja kabla, kwa gari la abiria, kumsaidia mama kufungasha. Sifael alikuwa amekwishampigia mama simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko kwenye joto?"

"Hatujambo. Mama, tarehe ishirini na tatu saa nne asubuhi utoke uani, uangalie barabara."

"Nitatoka. Lakini siku hiyo kuna msaragambo."

"Najua, Mama. Watakuwa kule juu wanasafisha ndiva. Mimi nakuja kwa huku chini."

Mama akasema haya, safari njema.

Msaragambo, kwa asiyejua, ni kazi ya pamoja ya Wapare. Pembe inapulizwa jioni, na kesho yake kila nyumba inatoa mtu na jembe. Leo ni mfereji, kesho darasa la shule, keshokutwa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Na ina kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: hakuna anayepita penye msaragambo. Mwenye gari anazima gari, mwenye mzigo anautua, mchungaji mwenyewe anavua koti. Unasalimia, unapokea jembe, unafanya kazi kwa muda, ndipo unaendelea na safari yako. Hakuna atakayekuamuru. Kuna bwana mmoja alikuja na gari jipya akapiga honi akapita, na watu wakampisha vizuri kabisa. Mwaka uliofuata alipomwoza binti yake, ng'ombe aliiva, pilau likaiva, na viti vikabaki vitupu hadi jioni.

Sifael aliyajua hayo tangu tumboni. Kosa lake lilikuwa la watu walioshuka milimani na kuzoea mjini: alidhani kazi iliyopangwa Novemba itakuwa ile ile Desemba. Mvua ya tarehe ishirini na mbili mchana, Blandina akiwa ameshafika juu, iliikata barabara chini ya Kona ya Mzambarau, na wazee wakasema ndiva isubiri, magari ya wageni wa Krismasi yatapita wapi? Pembe ikapulizwa upya. Sifael alikuwa Same, akipaka mnyororo mafuta.

Asubuhi ya siku yenyewe Jabiri alimsindikiza hadi barabara ya Vuchunge inapoiacha lami.

"Ningepanda na wewe," alisema, "lakini leo dukani pamejaa. Usiangalie juu, Mwalimu. Angalia gurudumu lako."

"Krismasi mnakuja kula?"

"Tumeshindwa lini?"

Sifael akaanza. Sehemu ya mikonge ilikuwa rahisi, ile ya mihogo ikamtoa jasho, kisha barabara ikamwinukia kifuani na kukataa kulegea. Akateremsha gia hadi zikaisha. Akafuata ushauri wa Jabiri, akaangalia gurudumu, mawe yakipita moja moja. Penye kisima cha kwanza, ambapo alishindwa mwaka wa kwanza, alipita. Penye mwamba mweusi, aliposhindwa mwaka wa pili na wa tatu, mguu wa kulia uliomba ushuke, akaukatalia kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akichuma majani ya maharage akainuka kumtazama. Hewa ilikuwa imeanza kupoa, ikinuka migomba na moshi wa kuni, harufu ambayo kila akiivuta alikuwa tena na miaka minane. Alihisi machozi, akafikiri ni jasho. Alikuwa anaweza. Mungu wangu, anaweza! Zilibaki kama hatua mia mbili kufika konani, na saa yake ilisema saa nne kasoro dakika sita.

Ndipo aliposikia majembe.

Walikuwa watu kama arobaini, wanaume kwa wanawake, wametanda barabara nzima wakijaza mawe kwenye ufa wa mvua. Kandokando palikuwa na njia nyembamba iliyobaki, upana wa baiskeli moja. Mtu wa kwanza alimwona, akasimamisha jembe. Wa pili akasimamisha. Kimya kikaenda mpaka mwisho wa mstari. Walimtazama tu, kwa upole, na wakampisha.

Sifael akaendelea kukanyaga. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Alifikiri: nitawasalimia nikipita, nitarudi baadaye na jembe, nitaeleza, wataelewa. Alifikiri habari za mama yake, aliyesimama uani sasa hivi amekinga jua kwa kiganja. Njia nyembamba ilikuwa mbele yake, tambarare kidogo hata, ya kupumulia. Akamwona Mzee Zebedayo, aliyekuwa rafiki wa baba yake, mzee wa miaka themanini na zaidi ameegemea jembe, anamwangalia bila lawama yoyote.

Akafunga breki. Akashusha mguu.

"Shikamooni," alisema, akanyoosha mkono kupokea jembe.

"Marahaba, Mwalimu! Karibu nyumbani!" wakaitika wote, na kimya kikavunjika, na majembe yakaanza tena kama vile hakuna kilichotokea.

Alilima kwa hasira. Kiatu cha baiskeli si cha kukanyagia matope, akakivua, akafanya kazi miguu mitupu. Alijichukia, akaichukia mvua, akamchukia aliyebuni msaragambo. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Wanawake wakaleta makande kwenye sufuria kubwa, watu wakaketi kwenye ukingo wa barabara, na Mzee Zebedayo akaja kuketi karibu naye.

"Umekasirika," mzee alisema.

Sifael hakuwa na nguvu za kudanganya. Alimweleza yote, mazoezi, baba, saa nne, mama uani. Mzee Zebedayo alisikiliza huku akitafuna, kisha akacheka hadi akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

"Elinihaki? Bila kushuka? Mwanangu, baba yako hakukalia baiskeli katika mlima huu hata nusu saa. Alianzia kushuka kule chini kwenye mikonge. Alishuka kwa kila mtu. Pale kwa kina Anold alishuka, akaulizia mgonjwa. Kwangu alishuka, akaniletea barua zilizofika stesheni, na kama mke wangu anasenya kuni, alimfungia mzigo kwenye keria akausukuma yeye. Akikuta msaragambo, alivua shati akalitundika mtini. Hapo konani alijifuta jasho, akavaa shati lake kavu, akapanda baiskeli. Ile ya kupanda ilikuwa ya mama yenu na ninyi mliokuwa juu ya jiwe."

Sifael alishika bakuli la makande bila kula.

"Mbona hakutuambia?"

"Alitaka kuwaambia. Siku uliyong'olewa jino alikuja kwangu, akasema, Zebedayo, nimemponza mtoto. Nikamwambia basi mweleze ukweli. Akasema, nitawezaje, alivyofurahi vile?"

Kazi iliisha saa nane kasoro. Sifael aliifikisha baiskeli konani kwa kuisukuma, na pale konani, ambapo nyumba yao inaonekana yote, ukuta, jiwe na mgomba wa nyuma, hakuipanda. Alikwenda kwa miguu, baiskeli ubavuni, matope hadi magotini, jembe la Mzee Zebedayo limefungwa kwenye fremu kwa sababu mzee alikuwa amechoka kulibeba.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda uani. Ndani, Blandina alikuwa akigongagonga masanduku.

"Umechelewa," mama alisema.

"Shikamoo, Mama. Nilikuta msaragambo barabarani."

"Marahaba. Najua. Pembe ilipulizwa jana."

Sifael alimtazama. "Ulijua wako barabarani, na hukunipigia simu?"

"Ningekupigia, ungengoja kesho. Hata Blandina nilimkataza." Mama alisogeza kigoda kingine kwa mguu wake mzima, akamwonyesha aketi. "Mimi naondoka, Sifael. Mimi na Justa tutakuwa Morogoro. Atakayebaki na watu hawa ni wewe, na wewe kila Desemba unapita mbele yao umeinama kama mtu aliyeibiwa. Nilitaka ushuke."

"Na Baba? Ulijua alikuwa anashuka?"

"Nilikuwa nasikia kengele yake kwa Zebedayo, ndiyo kwanza naanza kupepeta mchele. Nilikuwa na saa nzima." Alitabasamu, halafu tabasamu likaisha taratibu. "Wewe ulikuwa Mtwara alipofariki, hukuona."

Ni kweli hakuona. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za ajabu zile, na barabara za kusini zilikuwa zimekatika. Yeye alikuwa chuo cha ualimu, akafika asubuhi ya maziko, akakuta jeneza limeshalala sebuleni. Hakuwahi kuuliza lilifikaje.

"Gari lililotoka nalo Same liliishia kwenye mikonge," mama alisema. "Matope kiunoni. Dereva akasema hapandi, tumzike huko huko chini. Mvua inapiga. Basi watu wa mlimani wakashuka. Wa kwanza walikuwa wale wa kwenye mihogo, wakampokea, wakamfikisha kwa kina Anold. Anold na kaka zake wakampokea, wakamfikisha kwa Zebedayo. Nyumba kwa nyumba, kila alipokuwa akishuka palikuwa na watu wamesimama kwenye mvua wanamngoja. Nilikuwa natembea nyuma, niliona kwa macho yangu. Mlima mzima, baba, kutoka kule chini mpaka hapa ulipoketi. Hawakumweka chini hata mara moja."

Sifael akainamisha kichwa juu ya magoti yake yenye matope na akalia, mtu mzima, kwa sauti, na mama yake akamwacha alie.